Unga wa Gorogoro Hauna Lebo

Mabibi na mabwana, wakulima wenzangu, na akina mama mnaouza nafaka sokoni, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie hatari za vyakula vya GMO, yaani vinavyotokana na mimea au wanyama waliobadilishwa jeni kwenye maabara. Ninapokwenda naulizwa lile lile: vinaua au haviui? Nitalijibu. Lakini swali linaloniumiza kichwa zaidi ni jingine: tutajuaje tunachokula?

Hofu yetu ina historia. Septemba 2012 mtafiti Mfaransa, Gilles-Éric Séralini, alichapisha picha za panya wenye uvimbe mkubwa ambao walikuwa wamelishwa mahindi ya GMO. Novemba mwaka huo huo Kenya ikapiga marufuku uagizaji wa vyakula hivyo. Mwaka uliofuata jarida lenyewe likauondoa utafiti ule, kwa sababu panya walikuwa wachache mno katika kila kundi, tena wa aina inayopata uvimbe kwa wingi hata ikila chakula cha kawaida. Ulichapishwa tena kwingine 2014, lakini kasoro hizo zilibaki pale pale. Marufuku yetu ilidumu hadi Oktoba 2022.

Je, hakuna hatari basi? Sikusema hivyo. Mahindi ya Bt yametiwa jeni ya bakteria wa udongoni ili mmea wenyewe utengeneze protini ya kumuua kiwavi anayetoboa bua. Kiwavi akitafuna, protini inashika kwenye utumbo wake na kuutoboa. Utumbo wa binadamu hauna mahali pa protini hiyo kushika, na mahindi hayo yameliwa miaka mingi bila madhara kuthibitishwa. Ila hilo ni jibu la Bt tu. Kila jeni mpya ni kesi mpya. Miaka ya 1990 kampuni ya Pioneer ya Marekani ilitia jeni ya njugu ya Brazili ndani ya soya ili kuboresha chakula cha mifugo. Damu ya watu wenye mzio (aleji) wa njugu hiyo ilipopimwa, ikaonekana soya ile ingeweza kuwadhuru. Mradi ukafungwa kabla mbegu haijafika sokoni.

Mahindi ya StarLink, nayo ya GMO, hayakuzuiwa mapema hivyo. Marekani iliyaruhusu kwa mifugo pekee, kwa kuwa haikuwa wazi kama protini yake ingeleta mzio kwa watu. Mwaka 2000 yakakutwa ndani ya chakula cha binadamu madukani. Yalikuwa yamechanganyika njiani, shambani, ghalani na kiwandani. Watu waliolalamika kuugua walipimwa na mzio haukuthibitishwa, nashukuru. Lakini nchi yenye maabara kila kona ilishindwa kutenganisha mahindi na mahindi.

Sasa lebo. Kanuni za Kenya za 2012 zinataka chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO kibandikwe lebo. Ulaya ni asilimia 0.9, Marekani ni 5. Mimi huwasifu Ulaya kwa jambo moja: hata mafuta ya kupikia yaliyosafishwa hadi maabara haioni jeni yoyote ndani yake yanabandikwa, kwa sababu wao hufuata karatasi. Kila muuzaji humpa mnunuzi maandishi ya asili ya mzigo, na maandishi hayo hutunzwa miaka 5.

Njooni basi sokoni kwetu. Gunia la kilo 90 liko wazi mdomo, gorogoro, lile kopo la kupimia, imekaa juu. Ndani mna mahindi ya Kitale na ya Uganda, yameshachanganywa na mtu wa lori. Mama anapima, anasawazisha kwa kiganja, anamimina kwenye mfuko wa mteja, na mteja anaelekea posho mill kusaga unga. Lebo itabandikwa wapi? Asilimia 1 ataipima nani? Kanuni tulizonazo zinamlinda anayenunua pakiti supamaketi, na wengi wenu hamnunui huko.

Tena si GMO peke yake. Mwaka 2004 watu 125 walikufa Ukambani na maeneo jirani kwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, na mahindi yenye sumu hiyo yalikutwa hata kwa wauzaji wa sokoni. Inaniuma kwamba miaka yote hii tumegombania panya wa Ufaransa kuliko gunia hilo.

Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ilisimamisha uagizaji na ukuzaji wa GMO hadi rufaa ya wanaopinga kuondolewa kwa marufuku iamuliwe. Wakati huo tusiupoteze. Naomba vyama vyenu vya ushirika vianze na daftari moja katika kila ghala: mzigo umetoka wapi, umeletwa na nani, tarehe gani, umeuzwa kwa nani. Mwenye lori akikataa kuandikisha, mzigo wake usishushwe. Na mwakilishi wenu wa kaunti akija kuomba kura, mwulizeni kama yuko tayari kulipia mkaguzi wa kulikagua daftari hilo.