Nusu Bei na Bado Ghali

Kamwene, ndugu zangu. Mmeniuliza hisa ya kampuni ya teknolojia ishuke kiasi gani ndipo tuinunue. Mimi naona swali limeanzia pabaya.

Mnunuzi wa shamba la miti kule Mafinga hahangaiki na bei ya mwaka juzi. Anaingia shambani, anahesabu miti, anauliza umri wake, anaangalia kama lori linafika. Mtu huyohuyo akiona kwenye simu hisa iliyokuwa dola 80 sasa ni 38, anasema ya bure hii!

Hiyo ilikuwa Cisco, watengenezaji wa mitambo ya kuunganisha intaneti. Machi 2000 ilifika dola 80, mwisho wa mwaka ikawa kama 38. Shikeni kalamu. Faida ya mwaka wake wa hesabu wa 2000, ukiigawa kwa hisa zote, ilikuwa senti 36. Gawanyeni 38 kwa 0.36.

(Ukumbini: "Mia moja na tano!")

Naam. Unalipia faida ya miaka mia na ushee, na hapo eti umepunguziwa. Mwaka uliofuata kampuni ikapata hasara ya takriban dola bilioni moja. Oktoba 2002 hisa ilikuwa chini ya dola 10.

Sasa Microsoft. Mwisho wa 1999 ilikuwa kama dola 58, ukizingatia mgawanyo wa hisa wa 2003, ambapo kila hisa moja iligawanywa ikawa mbili. Juni 2011 ilikuwa 26, watu wameshaichoka. Lakini faida kwa kila hisa ilikuwa imepanda kutoka senti 85 mwaka 2000 hadi dola 2.69. Hapo unalipia miaka kumi tu. Hiyo ndiyo naiita bei ya chini.

Angalieni pia idadi ya hisa. Kampuni hizi hupenda kuwalipa wafanyakazi kwa hisa. Faida ikikua na hisa zikiongezeka kwa kasi ileile, fungu lako halijasogea.

Mama wa pale nyuma anauliza kuhusu kampuni ambayo bado haina faida. Mama, hiyo hesabu yangu haiifikii. Amazon ilikuwa hivyo. Hisa yake ikaporomoka kutoka zaidi ya dola 100 mwaka 1999 hadi kama 6 mwaka 2001, na aliyenunua hapo akatajirika. Pets.com, duka la mtandaoni la bidhaa za wanyama wa nyumbani, nayo ilikuwa hivyo, ikafungwa Novemba 2000. Kama pesa yenyewe ni ya ada ya Januari, iache benki.