Fuso la Mahindi na Setilaiti

Asante mwenyekiti. Ninyi mliosimama mlangoni, sogeeni, viti vya mbele havina upupu.

Naona wanafunzi wangu wa mwaka jana wanakonyezana. Wanajua Fuso linakuja. Ndiyo, linakuja, maana leo tunazungumzia kampuni za teknolojia zinazowahudumia raia na majeshi vitani kwa mpigo.

Pale sokoni Kibaigwa Fuso limeshapakia magunia ya wakulima kumi na wawili. Mwenye gari anapigiwa simu: kuna askari na masanduku ya risasi, wanalipa vizuri. Anawapandisha juu ya magunia. Wenye mahindi wako nyumbani wanasubiri hela yao. Gari likilipuliwa kabla ya Gairo, nani atawalipa?

Sasa twende angani. Tarehe 24 Februari 2022, kama saa moja kabla majeshi ya Urusi hayajaingia Ukraine, wadukuzi waliushambulia mtandao wa setilaiti ya KA-SAT, mali ya kampuni ya Kimarekani, Viasat. Vyombo vya ulinzi vya Ukraine vilikuwa wateja wake, na raia wa Ulaya chungu nzima vilevile. Maelfu ya modemu zikafutwa kumbukumbu, zikawa maboksi tu. Kule Ujerumani mitambo ya upepo ipatayo 5,800 ikakatika mawasiliano. Watu wa Singida, upepo mnaujua. Mapanga yaliendelea kuzunguka na umeme ukatoka, ila fundi aliyezoea kuichungulia mitambo kwenye skrini akiwa ofisini akabaki kipofu. Ujerumani haikuwa inapigana na mtu. Yale yalikuwa mahindi.

Mtaniambia, mwalimu, kampuni ni mfanyabiashara, inauza intaneti kama mama anavyouza vitumbua. Haya. Lakini mama wa vitumbua hana swichi! Septemba 2023 Elon Musk alisema mwenyewe kwamba aliombwa awashe Starlink, intaneti ya setilaiti ya kampuni yake, hadi Sevastopol, bandari ya Krimea iliyo mikononi mwa Urusi, akakataa. Alikosea au alipatia, mbishane huko nje kwenye kahawa. Mimi nauliza alichaguliwa na nani.

Na wewe unayenong'ona kwamba hayo ni ya Wazungu: Februari 2024 meli ya Rubymar ilipigwa kombora na Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, ikatelekezwa Bahari ya Shamu, na nanga yake iliyokuwa ikiburuzwa ndiyo inayodhaniwa ilikata nyaya za intaneti, mmojawapo wa Seacom. Seacom hiyohiyo inayotua Dar es Salaam.

Sheria ipo. Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, yaani sheria za vita, ambayo Tanzania imo tangu 1983, inalinda vitu vya raia. Ila kitu cha raia kikianza kulitumikia jeshi, kinaweza kugeuka shabaha halali. Ndiyo maana kila mwaka narudia jambo moja hadi mnanichoka: serikali ikiingia mkataba na kampuni hizi, mkataba uandike kwamba laini ya jeshi iwe mbali na laini ya hospitali. Ni ghali? Fuso la pili nalo ni ghali.

Wadukuzi wa kujitolea, raia wanaojiingiza vitani kwa kompyuta zao, nawataja tu. Msalaba Mwekundu wa kimataifa uliwatolea kanuni 8 mwaka 2023, kazisomeni. Akili unde inayopendekeza wa kupigwa nilikuwa nayo kurasa nne hapa, lakini mwenyekiti ameshaangalia saa mara tatu. Nazikunja.

Kijana wa nyuma, mkono uko juu tangu tuko Kibaigwa. Simama, uliza.