Umepanda Chombo, Umeandika Nini?

Asalaam aleikum, wakaguzi wa uvuvi. Waliowahi kunisikia wanajua naanza na juya, ule wavu wa kukokota, la kisiwa cha Wasini, na wale wa nyuma wameshacheka. Chekeni. Nitalisimulia tena, maana mafaili ya kesi ninayoonyeshwa yana kosa lilelile.

Nilikuwa mkaguzi kijana. Usiku mmoja wa kaskazi, kusini ya Wasini, tukaivamia mashua yenye juya. Nikaruka ndani, nikafoka, nikachukua juya na nahodha. Nikajiona simba. Kortini yule nahodha, mzee mtulivu na kofia yake ya vito, akaulizwa ana la kusema. "Mheshimiwa, huyu mwanangu alinikuta Tanzania." Hakimu akanigeukia: mlikuwa wapi? Nikajibu: baharini. Korti nzima ikaangua kicheko. Jipiesi, kile kifaa cha kuonyesha mahali ulipo, nilikuwa nayo mkononi usiku ule, na sikuandika hata nambari moja. Kesi ikafa. Mzee alipotoka alinipa mkono, akaniuliza kama nimekula.

Sasa nyinyi kila siku mwaniuliza mamlaka. Mamlaka mnayo! Sheria ya Uvuvi ya Kenya ya 2016 imewapa kusimamisha chombo, kukipanda, kukagua leseni, nyavu na samaki, na kukamata. Tangu 2018 mna na Walinzi wa Pwani wa kuwasindikiza. Mwataka nini tena, mizinga?

Najua kuna mmoja hapa anasema moyoni: kusi limechafuka, chombo kinayumba, nitaandikaje? Kwa penseli, bwana. Penseli haidhuriki kwa maji ya chumvi. Andika saa, nambari za jipiesi, macho ya wavu umeyapima kwa kifaa gani, nani alikuwa kwenye usukani. Picha nayo piga, kioo cha jipiesi kionekane.

Mwengine atasema nawatetea wezi wa samaki. Nawatetea nyinyi! Ibara ya 49 ya Katiba inataka umwambie upesi uliyemkamata ni kwa nini, tena kwa lugha anayoielewa. Mvuvi wa Vanga unamsomea makosa kwa Kiingereza ili iwe nini? Na zile saa 24 za kumfikisha kortini zinaanza pale ulipomshika, hazingoji ufunge kamba bandarini Liwatoni. Ukivunja haki zake, Ibara ya 50 inampa hakimu njia ya kuukataa ushahidi wako, juya na samaki wote.

Naonyeshwa dakika mbili. Haya, meli za kigeni, mbio mbio. Kwenye ukanda wetu wa maili 200, Mkataba wa Sheria ya Bahari, kifungu cha 73: nchi yenye bendera iarifiwe, na wakiweka dhamana ya kiasi, meli na mabaharia waachiliwe upesi. Kosa la uvuvi huko halina kifungo ila nchi ziwe zimekubaliana. Kwa hiyo nahodha wa meli hulala kwao na wa mashua hulala gerezani Shimo la Tewa. Hilo lina mhadhara wake. Kuifukuza meli, kifungu cha 111: usikatize, na ikishaingia bahari ya karibu na pwani ya nchi yake au ya nchi nyingine, basi, geuza. Na utajuaje imeingia kama hujui uko wapi? Mnaona tumerudi Wasini.

Tuishie hapo, adhana hiyo. Kabla hamjainuka, nani ana penseli mfukoni? Inueni mikono.

Watatu. Na mmoja ni dereva wangu.