Njia ya Kwenda Ziwani

Mhadhara uliotolewa Fort Portal mbele ya wanafunzi wa utalii, walimu wa Kiswahili na wenye nyumba za wageni

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi, nanyi mliodamka mapema kutoka Kasenda na Rwaihamba, karibuni sana. Kabla sijaanza, naomba kila mmoja amgeukie jirani yake amuulize: "Empaako yaawe?" Msione haya, ulizaneni.

Nasikia Amooti. Nasikia Abwooli, Akiiki, Ateenyi. Na kule nyuma yupo ndugu yetu kutoka Mombasa, anajibu kwamba hana. Ndugu yangu, vumilia, habari yako tutaimaliza leo hii hii.

Kwa wasiojua, empaako ni jina la mapenzi na heshima ambalo kila Mtooro na kila Mnyoro hupewa mbali na jina lake la kuzaliwa. Ni majina 12 tu, na watu wote tunagawana hayo hayo. Asili yake ni Kiluo, yaliingia pamoja na watawala wa ukoo wa Babiito. Siku ya kumpa mtoto jina, mashangazi wa upande wa baba humpakata, wakamkagua uso, masikio, vidole, wakitafuta amefanana na nani katika ukoo. Hapo ndipo jina linapotoka. Mkuu wa ukoo hulitangaza, watu hula ugali wa ulezi na nyama ya kukaushwa kwa moshi, mtoto hutuzwa zawadi, na mti hupandwa kwa heshima yake. Kuanzia siku hiyo, mtu akitaka kukusalimu, kukubembeleza, kukuomba radhi au kukupa pole msibani, ataliita jina hilo. Wagomvi wawili wakianza kuitana kwa empaako, ujue wanapatana.

Mwaka 2013 UNESCO iliiweka empaako katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mwaka 2015 zikafuata simulizi za Koogere, yule malkia wa Busongora ambaye wazee wetu walitusimulia hekima na utajiri wake. Urithi wa namna mbili kutoka pembe hii moja ya Uganda, na namna zote mbili zimeandikwa kwenye orodha ya vitu vinavyokaribia kupotea. Mimi habari hiyo iliniuma. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye kibaraza cha nyumba ya kukodisha ya likizo, nikingoja wageni niliokuwa nawaongoza, na nikajiuliza: nyumba hii niliyokalia inasaidia nini, au inaharibu nini? Swali hilo ndilo lililonileta hapa leo.

Tusidhani nyumba ya likizo ni kitu cha kigeni. Sisi watu wa Uganda tunayo yetu, na ni ya zamani. Ni ile nyumba ambayo mtu anayefanya kazi Kampala anaijenga kwao, kilomita karibu 300 kutoka anakolala kila siku. Mwaka mzima inatunzwa na mlinzi na mbuzi wawili. Ikifika Desemba, mabasi yanajaa, milango inafunguliwa, watoto waliozaliwa mjini wanaonyeshwa kaburi la babu yao kando ya migomba, na wanafundishwa kusalimia. Kwa wiki mbili nyumba ile ni shule. Kisha Januari inafungwa tena.

Ya pili ndiyo hii inayoongezeka miaka yetu hii, hasa tangu Fort Portal ipewe hadhi ya jiji Julai 2020: nyumba ya kukodisha kwa siku, ukingoni mwa maziwa yaliyozaliwa na volkano. Ardhi yetu kusini mwa jiji imejaa mashimo hayo. Nkuruba, Lyantonde, Nyabikere, Nyinambuga, kila moja lina rangi yake na mkao wake. Mwenye noti ya 20,000 mfukoni aitoe aitazame, Nyinambuga limo humo. Mahali penye uzuri wa kiwango hicho, watu watajenga tu. Wala sisemi wasijenge. Nimelelewa na kazi ya wageni, ada yangu ya shule ya sekondari ilitokana na mama yangu kufua mashuka ya loji.

Lakini niwasimulie jambo moja.

Bibi yangu aliteka maji katika ziwa moja la huko kwetu kwa zaidi ya miaka 50. Njia yake ilikuwa nyembamba, upana wa mtu mmoja aliyebeba jerikani. Ilishuka kati ya shamba la kahawa na mti mkubwa wa mutuba, ikapinda kwenye jiwe lililolainika kwa kukaliwa. Pale kwenye jiwe wanawake walipumzika wakipanda, jerikani likiwekwa pembeni, na pale ndipo mimi niliposikia hadithi ya Koogere kwa mara ya kwanza, kipande kwa kipande, kila siku kadiri pumzi ya bibi ilivyorudi. Hadithi ilikatika alipojitwika ngata kichwani, ikaendelea kesho yake jioni.

Siku moja tukakuta seng'enge. Kiwanja kilikuwa kimeuzwa, nyumba ya likizo inajengwa. Nyumba nzuri, sikatai. Njia ikafungwa, na wanawake wakawa wanazunguka upande wa pili, mteremko mkali usio na jiwe wala kivuli. Maji waliyapata. Hadithi hazikuhamia njia mpya. Mtu anayehema kwenye mteremko ule hana sauti ya kusimulia, na watoto walianza kutumwa peke yao.

Naomba wanafunzi mliandike hilo, kwa sababu kwenye vitabu vya utalii halimo. Tunapozungumza juu ya kulinda urithi tunafikiria jengo, ngoma, mkuki ulioko kwenye kabati la kioo. Simulizi ya Koogere kwetu ilikuwa inaishi kwenye jiwe la kupumzikia. Aliyezungushia seng'enge hakumchukia Koogere, hakujua hata kama yupo. Hakuna aliyemwambia.

Sheria, kwa kweli, ilikuwa upande wetu. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema maziwa ya asili yanashikiliwa na serikali kwa amana kwa niaba ya wananchi wote. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinataka ukanda wa hifadhi kando ya ziwa, mita 200 kwa maziwa makubwa yaliyoorodheshwa na mita 100 kwa mengine. Na mgeni asiye raia hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja, anapata ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Haya yote yapo. Ila bibi yangu hakwenda na katiba. Alikwenda na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kikapu cha ndizi. Ilichukua miaka miwili ya kwenda na kurudi, mara mwenyewe hayupo, mara msimamizi amebadilishwa. Mwishowe likawekwa lango dogo kwenye seng'enge, lisilofungwa kwa kufuli. Mwenye nyumba alisema, laiti angeambiwa mapema. Nilimwamini.

Kwa hiyo ninachowaomba nyinyi wenye nyumba ni hiki. Kabla ya kuchora ramani ya jengo, tembeeni kiwanja na mzee wa hapo. Muulizeni njia zinapita wapi, nani amezikwa wapi, mti upi haukatwi na kwa nini. Asubuhi moja inatosha. Ramani ya mpimaji ina mipaka na vipimo. Jiwe la bibi yangu halikuwamo.

Kuhusu makaburi ya wafalme pale Karambi, alipolala Kasagama na waliomfuata, na jumba la Omukama, mfalme wetu wa Tooro, pale Karuzika, sitakaa sana, mnayajua na mnapeleka wageni. Niseme tu jambo moja la mwaka 1967. Mwaka huo ndio falme zilifutwa nchini kwetu, na mwaka huo huo ndio sheria ya kulinda kumbukumbu za kihistoria ilipotungwa. Mnara ukalindwa, mwenye mnara akafukuzwa. Falme zilirudi 1993, lakini nadhani mazoea yale ya kulinda kitu bila mtu wake bado tunayo.

Tazameni Kasubi, kule Kampala. Ule moto wa tarehe 16 Machi 2010 uliteketeza nyumba kuu ya makaburi ya Makabaka, wafalme wa Buganda. Ilikuwa mwaka 2023 ndipo UNESCO ilipoitoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Fedha peke yake zisingetosha kuirudisha ile nyumba, maana kuezeka paa lile ni kazi ya ukoo maalumu, wa Ngeye, na ujuzi uko mikononi mwa watu na unafundishwa kwa mkono. Nyasi unaweza kununua.

Sasa nije kwenye jioni, kwa sababu jioni ndiyo inayonihangaisha zaidi. Mgeni ameamka, ameona sokwe katika msitu wa Kibale, mchana amepelekwa Amabere ga Nyina Mwiru. Ameona yale mawe yanayodondosha maji meupe, ameambiwa kwamba ni matiti ya Nyinamwiru, binti Bukuku, aliyekatwa na babaye, na kwamba mtoto wake Ndahura ndiye aliyekuja kuwa mfalme katika Wachwezi, watawala wa kale wa simulizi zetu. Hadithi nzito, na ana maswali kumi. Anarudi kwenye nyumba aliyopanga. Ufunguo uko chini ya chungu cha maua, chakula kiko kwenye jokofu, hakuna mtu. Analala na maswali yake.

Mita 300 kutoka pale kuna mzee anayeijua hadithi hiyo kwa namna tatu tofauti, naye amekaa motoni hana wa kumsimulia, wajukuu wako Kampala. Wawili hawa wanatafutana na hawajui.

Wakutanisheni. Na mlipeni mzee, tena vizuri, kama mnavyomlipa dereva. Sitaki kusikia kwamba wazee wanafurahi wenyewe. Dereva naye anafurahi. Wala msimvike mzee ngozi na kumchezesha ngoma wakati wa kifungua kinywa. Mwacheni na koti lake na fimbo yake. Wenzetu wa Bigodi walianza kuonyesha wageni kinamasi chao mwaka 1992, wao wenyewe wanakijiji, na mapato yakajenga shule ya sekondari. Waongozaji wao wanakuonyesha ndege, kisha wanakuonyesha nyumbani kwao.

Na zile nyumba zetu za Desemba, zinazofungwa miezi kumi na moja? Binafsi natamani zifunguliwe. Mgeni akae humo, mlinzi alipwe zaidi, na Desemba mwenyewe arudi akute paa halivuji. Nyumba ya namna hiyo tayari ina migomba, kaburi, jirani na hadithi. Haihitaji kupambwa.

Muda wangu umekwisha, nimeonyeshwa saa. Kesho saa tatu asubuhi wanafunzi watatembea ile njia ya ziwani pamoja nami, nanyi wengine mnakaribishwa. Vaeni viatu vya kushika ardhi, usiku huu huenda mvua ikanyesha. Tutapita kwenye lango, tutashuka hadi kwenye jiwe. Bibi yangu hashuki tena ziwani, miguu imekataa, lakini hadi kwenye jiwe anafika, na ameahidi kutungoja. Ndugu yetu wa Mombasa, wewe utatangulia mbele. Atakutazama uso, masikio na vidole, usishtuke. Ukitoka hapo utakuwa unaitwa.