Jivu Juu, Mawe Chini: Udongo wa Ngazi za Mto

JUMA: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Juma, na niko na dada Rehema, ambaye leo amekuja na mfuko wa udongo na chekeche, akavimwaga vyote mezani. Dada, hapa nani atafuta?

REHEMA: Utafuta wewe, kaka. Leo tuna udongo unaowasumbua sana wanaopanga udongo kwa madaraja: jivu la volkano lenye mawe tele, juu ya ngazi ya mto.

JUMA: Ngazi ya mto ndiyo nini?

REHEMA: Mto hutandaza mchanga na kokoto kwenye bonde lake. Baadaye unachimba, unashuka, na ule uwanda wa zamani unabaki juu, mafuriko hayaufikii tena. Uwanda huo ulioachwa ndio ngazi. Bonde moja laweza kuwa nazo kadhaa, na kwa kawaida ya juu kabisa ndiyo kongwe. Ukichimba humo unakuta mawe yaliyoviringwa na maji, yamelaliana, yameinamia upande mto unakotoka.

JUMA: Halafu volkano inalipuka.

REHEMA: Inalipuka, labda mamia ya kilomita kutoka hapo. Jivu linanyesha kila mahali, milimani na mabondeni. Kwenye miteremko mvua inalikokota. Kwenye ngazi, kwa kuwa ni tambarare, linakaa. Mfano mkubwa ni Mlima Mazama kule Oregon, Marekani, uliolipuka miaka 7,700 hivi iliyopita. Kilele chake kiliporomoka, na leo mahali pake pana ziwa, Crater Lake. Jivu lake lilifika Washington, Idaho, hadi Kanada.

JUMA: Kumbe ngazi yenye jivu hilo inakupa na umri wake.

REHEMA: Inakupa upande mmoja wa umri. Ikiwa jivu limetua juu ya kokoto na halijaguswa, basi mto ulishaihama ngazi ile kabla ya mlipuko. Tatizo ni jivu lililohamishwa. Mto unaweza kulibeba jivu kutoka juu ukalitandaza kwenye ngazi changa kabisa. Hapo unaangalia: lina matabaka membamba ya maji? Limechanganyika na mchanga uliosuguliwa? Jivu lililotua lenyewe halina mistari hiyo. Wengi hukurupuka hapa, wanaona weupe wa jivu wanaandika tarehe.

JUMA: Sasa mawe. Kama jivu limeanguka juu, mawe yamepandaje hadi juu ya uso?

REHEMA: Mti mkubwa ukiangushwa na upepo, mizizi yake inang'oka na donge zima la udongo, kokoto za chini zinaletwa juu. Barafu ya ardhini nayo husukuma mawe kidogo kidogo kila msimu wa baridi, na wanyama wanaochimba mashimo wanaongeza vurugu. Kwa maelfu ya miaka mpaka kati ya jivu na kokoto unavurugika. Shimo moja unakuta jivu safi, hatua chache mbele unakuta jivu na mawe nusu kwa nusu.

JUMA: Nauona mfuko wako. Huu udongo mwepesi ajabu! Mfuko mzima nainua kwa vidole viwili.

REHEMA: Ndiyo tabia yake ya kwanza. Udongo wa kawaida usio na mawe, sentimita moja ya ujazo huwa na gramu 1.2 au 1.3, hata zaidi. Huu wa jivu, gramu 0.9 au chini ya hapo. Chembe zake zina vinyweleo vingi, na madini yanayozaliwa jivu linapooza, hasa alofani na imogoliti, ni matundu matupu yasiyoonekana kwa macho.

JUMA: Jivu linaoza?

REHEMA: Kioo chake ndicho kinachoyeyuka. Jivu la volkano sio jivu la jikoni, ni hasa vipande vya kioo. Lava iliyojaa gesi imepasuka hewani na kupoa kabla fuwele hazijapata muda wa kujipanga. Kioo hakina mpangilio, kwa hiyo maji hukishinda haraka kuliko madini mengine mengi. Silika inaondoka kiasi, alumini na chuma vinabaki. Weka chembe chini ya hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana: fuwele nyingi zinang'aa rangi rangi, kioo kinazimika, cheusi tii, hata ukizungusha sahani. Ukirudisha mwanga wa kawaida unaona umbo lake, kingo zilizopinda kama hilali. Hizo ni kuta za mapovu yaliyopasuka. Unahesabu chembe moja moja mpaka shingo iume.

JUMA: Mnahesabu za nini?

REHEMA: Kwa sababu asilimia ya kioo inaingia kwenye hukumu. Kwenye mfumo wa Marekani wa kupanga udongo, udongo wa jivu una oda yake, yaani kundi la daraja la juu kabisa: Andisoli. Mtaalamu wa udongo Guy Smith aliipendekeza mwaka 1978, ikaingia rasmi mwaka 1990. Kabla ya hapo udongo huu ulikuwa umebanwa ndani ya Inseptisoli, oda ya udongo ambao haujakomaa, kama kitawi tu. Ramani ya udongo ya FAO na Unesco ilikuwa tayari imeutenga peke yake.

JUMA: Na hukumu yenyewe ikoje?

REHEMA: Kuna milango miwili. Wa kwanza ni wa jivu lililokwisha kuoza vya kutosha: alumini jumlisha nusu ya chuma, vilivyoyeyushwa kwa oksaleti, kemikali ya maabara, vifike asilimia 2. Uzito usizidi gramu 0.90 kwa sentimita ya ujazo. Na udongo ushike angalau asilimia 85 ya fosfati unayoupa.

JUMA: Asilimia 85! Mkulima akitia mbolea ya fosfati anailisha ardhi, sio mmea.

REHEMA: Ndiyo maana huko mbolea hiyo huwekwa kwa mstari karibu na mbegu badala ya kurushwa shamba zima. Sasa mlango wa pili ni wa jivu changa, lenye kioo kingi na kuoza kidogo, na ngazi nyingi za mto hupitia huu. Fosfati inatosha ishikwe asilimia 25. Kioo kisipungue asilimia 5, alumini na nusu ya chuma visipungue 0.4. Kisha hivyo viwili vinabebana kwa hesabu: ile jumla ya alumini na nusu chuma zidisha kwa 15.625, ongeza asilimia ya kioo, upate 36.25 au zaidi.

JUMA: Dada, nani alikaa akatunga 15.625?

REHEMA: Inatisha ukiisikia, lakini ni mstari ulionyooka tu kati ya ncha mbili. Ukiwa na kioo asilimia 5, unahitaji 2.0 kamili. Ukiwa na kioo asilimia 30, 0.4 inatosha. Piga hesabu mwenyewe, zote zinatua 36.25.

JUMA: Haya, na mawe? Yanahesabiwa wapi?

REHEMA: Ndipo nilipotaka tufike. Leta chekeche. Matundu yake ni milimita 2. Kinachopita ndicho kinachopelekwa maabara: kioo, oksaleti, fosfati, vyote vinapimwa humo. Kinachobaki juu kinawekwa kando. Kwa hiyo udongo wenye mawe nusu nzima na usio na jiwe hata moja unaweza kutoka maabara na namba zilezile. Oda haiyaoni mawe.

JUMA: Sasa nani anayeyaona?

REHEMA: Daraja la chini la mfumo, kwenye jina la familia, yaani kundi dogo ndani ya oda. Mawe yakifika asilimia 35 ya ujazo, jina linabadilika, linakuwa la jivu lenye mawe mengi. Udongo laini ukipungua chini ya asilimia 10, hata jivu halitajwi tena, ni mawe matupu. Na kama jivu liko juu na kokoto ziko chini, mpaka ukiwa mwembamba kuliko sentimita 12.5, udongo unapewa jina la sehemu mbili: jivu juu ya mchanga wenye mawe. Jina hilo mimi nalipenda kuliko yote, maana msomaji anaiona volkano na anauona mto.

JUMA: Lakini mti haunywi kutoka kwenye chekeche.

REHEMA: Hasa! Chukua tabaka la sentimita 50. Tuseme udongo laini unatunza maji yanayofaa kwa mmea asilimia 20 ya ujazo wake. Bila mawe una milimita 100 za maji. Mawe yakiwa nusu, una 50. Karatasi ya maabara inasema 20 pale pale. Nimeona ramani za umwagiliaji zilizosahau kukata mawe, na ni kosa baya, maana ratiba nzima ya maji inakuwa ya kufikirika.

JUMA: Ila kuna mawe na mawe. Jiwe hili lako la kijivu linaelea majini.

REHEMA: Hilo ni jiwe la povu. Basalti, jiwe zito la volkano, iliyosuguliwa na mto haishiki maji ya maana, hilo la povu linashika kwenye matundu yake, na sehemu yake mizizi inaipata. Ndiyo sababu mfumo una kundi lake pembeni, pale theluthi mbili au zaidi ya vipande vikubwa vikiwa ni vya povu.

JUMA: Uzito mnaupimaje kwenye udongo wa namna hii? Ukipiga silinda ya chuma, si inagonga jiwe?

REHEMA: Inagonga, inapinda, unatukana. Tunachimba kishimo, kila punje inaingia mfukoni, tunatandika nailoni nyembamba ndani yake na kumimina maji yaliyopimwa hadi usawa wa uso. Kiasi cha maji ndicho ujazo wa shimo. Halafu mawe yanachekechwa, yanapimwa, uzito na ujazo wake unatolewa. Usipoyatoa, basalti inakuonyesha udongo mzito, unafunga mlango wa kwanza bure.

JUMA: Na unene wa jivu? Sentimita ngapi ndipo liitwe Andisoli?

REHEMA: Katika sentimita 60 za juu, asilimia 60 iwe na tabia za jivu. Yaani 36. Ukiwa na 30, unatupwa nje, mara nyingi kwenye Inseptisoli, lakini kwa jina la pembeni linalokumbusha kioo, ambalo huanzia sentimita 18 kwa vipimo vyake vilivyolegea kidogo. Kwenye ngazi ya mto unene unapanda na kushuka kila hatua, kwa hiyo shamba moja lina oda mbili.

JUMA: Hiyo naiona ni ukali wa bure.

REHEMA: Mimi siioni hivyo. Mpaka lazima uwekwe mahali. Mchora ramani mwenye busara anaandika zote mbili na uwiano wake, hajifanyi uwanja mzima ni kitu kimoja.

JUMA: Shambani, bila maabara, mtu ajue vipi?

REHEMA: Lowesha kidogo, sugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Jivu lililooza linateleza, ukikandamiza zaidi linatoa maji ghafla. Lile changa la kioo halifanyi hivyo, linakwaruza. Kuna na kipimo cha floridi ya sodiamu: ikichanganywa na udongo, pH, kipimo cha asidi na alkali, ikavuka 9.4 ndani ya dakika 2, kuna alofani au alumini iliyo tayari kushikana. Ila udongo wenye chokaa utakudanganya, hivyo dondosha asidi kwanza uone kama unatoa povu.

JUMA: Na pale jivu linapokutana na kokoto, maji yanafanya nini?

REHEMA: Yanasimama. Watu wanadhani kokoto zinanyonya maji haraka. Vinyweleo vya jivu ni vyembamba, vinang'ang'ania maji. Nafasi za kokoto ni pana, hazina nguvu ya kuyavuta. Mpaka jivu likaribie kujaa kabisa ndipo maji yanavuka, na yakivuka yanakwenda mbio hadi maji ya chini ya ardhi, pamoja na mbolea ya nitrati uliyoweka. Ukimwagilia kwenye ngazi ya namna hii, maji kidogo mara nyingi ni bora kuliko mengi kwa mkupuo. Chimba uone mizizi: imejazana kwenye sentimita chache za mwisho za jivu, juu tu ya kokoto.