Aibu Ndiyo Inayotoa Mimba

Mhadhara uliotolewa mbele ya wazazi na walezi, Bagamoyo

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Mashehe, mapadre na wachungaji mliokubali kukaa jamvi moja jioni ya leo, ahsanteni sana. Nawaona na vijana kule mlangoni. Sogeeni ndani wanangu, maneno haya yanawahusu ninyi kuliko sisi wenye mvi.

Mimi ni mkunga. Nimezalisha kwa miaka thelathini na ushei, na humu ndani wamo watu wazima niliowapokea kwa mikono hii. Kwa hiyo mkinisikia nasema aliye tumboni ni mtu, msidhani nimekariri mahali. Nimeinama mara nyingi juu ya tumbo la mama, sikio kwenye kile kifaa chetu chenye umbo la tarumbeta ndogo, nikasikia moyo unakwenda mbio kama wa kifaranga ukimshika mkononi. Mama anapiga mapigo sabini, themanini kwa dakika. Yule wa ndani anapiga mia na arobaini. Ni mioyo miwili, haifuatani. Ukishausikia ule wa pili, hakuna wa kukudanganya tena kwamba pale pana kitu kisicho na mwenyewe.

Sasa niwape habari ya usiku mmoja.

Nilikuwa zamu katika kituo ambacho sitakitaja. Saa nane za usiku akaletwa binti, miaka kumi na sita, wamepanda mshikaki kwenye bodaboda, yeye katikati, mama yake nyuma amemkumbatia asianguke. Kanga mbili zimelowa chapachapa. Midomo imepauka, mikono ya baridi. Natafuta mshipa wa kuweka dripu, mshipa haupatikani, na mama yake ananivuta mkono wa gauni. Nikajua ataniuliza atapona? Akaniuliza, “Nesi, mtaandika nini kwenye daftari?”

Binti alisafishwa, akaongezwa damu, akapona. Siku ya tatu ndipo aliponiambia. Mimba ilikuwa ya miezi minne. Vidonge alivileta mama yake mwenyewe, kwa mtu. Mama alimwambia: baba yako akijua, mimi na wewe hatuna pa kulala. Na lipo jambo ambalo lazima niliseme mbele yenu. Usiku ule mimi pia nilimsema yule mtoto. Anavuja damu kitandani, namwuliza kama hakuona haya. Nilidhani natetea uhai. Kumbe nilikuwa nasema lugha ileile iliyompeleka kwenye vidonge.

Katika ile nyumba hakuna aliyemchukia mtoto. Hilo nawaomba mlishike. Yule mama hakuamka asubuhi akasema leo nitamwua mjukuu wangu. Aliwaogopa watu. Alituogopa sisi.

Sheria yetu mnaijua? Wengi mnajua ni kosa, basi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 150, kinasema mwenye kumtoa mwanamke mimba kifungo chake ni miaka 14. Kifungu cha 151 kinamwangukia mwanamke mwenyewe, miaka 7. Kifungu cha 152 ni cha yule mwenye kutoa dawa au kifaa huku akijua kazi yake, miaka 3. Na kifungu cha 230 kinamlinda daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa uhai wa mama. Mimi naiunga mkono sheria hiyo. Imekuwapo tangu zama za Mwingereza. Lakini watafiti walikadiria kwamba mwaka 2013 peke yake, Tanzania zilitolewa mimba zipatazo 405,000. Hao wote sheria ilikuwa imewakataza. Askari wa sheria anasimama barabarani, na jambo hili linafanyika chumbani, kati ya mama na binti yake, usiku, taa imezimwa.

Siasa nitaipitia haraka. Mnasikia redioni habari za Marekani: Mahakama yao ya Juu ilifanya kutoa mimba kuwa haki mwaka 1973, kisha mahakama hiyohiyo ikaifuta Juni 24, 2022, na tangu hapo kila jimbo linavutana kivyake. Kule mtu huchagua chama kwa ajili ya jambo hili. Hapa kwetu sijapata kumwona mgombea udiwani analitaja jukwaani. Karibu na sisi, Kenya wameandika katika Katiba yao ya 2010 kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, kisha wakaweka milango ya dharura na ya afya ya mama. Na sisi Tanzania mwaka 2007 tuliridhia Itifaki ya Maputo, ambayo ibara yake ya 14 inataka kutoa mimba kuruhusiwe kwa aliyebakwa, kwa aliyezini naye maharimu wake, na pale mimba inapohatarisha afya ya mama au uhai wake. Wapo wanaharakati wanaotaka sheria yetu ifuate ibara hiyo. Napingana nao, na sababu yangu mmeisikia: mioyo miwili. Ila siwatukani. Baadhi yao wameketi kando ya vitanda vilevile nilivyoketi mimi. Na swali lao ni zito, nalo nawageuzia ninyi mnaokubaliana nami. Mkishawashinda kwa hoja, yule binti wa miaka kumi na sita mmemwandalia nini?

Kwa miaka mingi tulimwandalia kufukuzwa shule. Hebu tusikwepe hapa. Mtoto alipimwa mimba shuleni, akikutwa nayo, anarudishwa nyumbani na begi lake, basi ndiyo mwisho. Juni 2017, katika ziara ya mkoa wetu huu wa Pwani, Rais wa wakati ule alitamka kwamba aliyepata mimba harudi shule. Wengi tulipiga makofi. Nilikuwa na wenzangu kazini, tukasema sawa, watashika adabu. Sasa jiwekeni katika nafasi ya msichana wa kidato cha tatu aliyepitisha siku zake miezi miwili, mitatu. Ana tumbo ambalo bado halijaonekana, na ana dawati. Akiliacha tumbo likue, dawati limekwenda, baba amekasirika, jina lake liko mdomoni mwa mtaa mzima. Akichoropoa leo usiku, Jumatatu yuko darasani na hakuna ajuaye. Tulimwekea mzani sisi wenyewe, tukaweka mawe yote upande mmoja, kisha tukashangaa ulikoelemea.

Novemba 24, 2021 serikali ilitangaza kuwa wanaojifungua wanaruhusiwa kurudi katika mfumo wa shule. Wapo waliolalamika kwamba tunahalalisha uasherati. Mimi niliyeshika vitoto baridi mikononi nasema siku ile waliokolewa watoto wengi, na hakuna mhubiri aliyeihubiri hivyo. Takwimu za taifa za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 22 wamekwisha kuzaa au wana mimba. Miaka saba nyuma walikuwa 27. Wanapungua, lakini bado ni wengi, wako nyumbani mwetu, na baadhi yao mama zao wamekaa humu.

Na wanaume? Sheria ya elimu ilirekebishwa 2016: anayempa mimba mwanafunzi kifungo chake ni miaka 30. Miaka thelathini ni maisha ya mtu. Naona matokeo yake ni haya: kijana anakimbilia Dar, au akiwa mtu mzima mwenye uwezo, familia mbili zinakaa faragha, bahasha inapita, na sehemu ya mapatano ni kwamba mimba isiwepo, maana mimba ndiyo ushahidi. Mtoto anatolewa ili mwanamume asifungwe. Mashehe, mapadre, mnapoitwa kusuluhisha mambo ya namna hii, ulizeni yuko wapi huyo aliyemo tumboni katika suluhu hiyo. Na kina mama mjue, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakuruhusu uende mahakamani ithibitishwe nani baba, na utoke na amri ya matunzo. Ofisi ya Ustawi wa Jamii ndio mlango wa kuanzia. Wangapi tumewahi kumsindikiza binti hadi pale? Kumsema tunaweza.

Nirudi kwetu, kwa sababu watu husema hii aibu ni mila, na mila haigusiki. Mila gani? Wazaramo na Wakwere, wenyeji wa nchi hii, mtoto wao ni wa ukoo wa mama. Bibi zetu walikuwa wakiwekwa ndani uwali, na mwali anapewa mwana hiti. Wazee wanaikumbuka: kisanamu cha mti, hakina mikono wala miguu, kichwani kina vishungi viwili. Mwali anakiogesha, anakipaka mafuta, anakilaza karibu naye. Anafundishwa kupakata kabla ya kuzaa. Na katika ukoo wa namna ile mtoto anakuwa na kwao hata asipokuwa na baba, kwa sababu mjomba yupo. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ana shida zake, sikatai, lakini hakuwa mtu wa kutupwa.

Na Waswahili wa mjini tuna ule usemi, kitanda hakizai haramu. Tunautumia kufunika mambo ya wakubwa: mtu na mume wake, hata kama jirani wanahesabu miezi, usemi huo unafunga midomo. Mbona haumfuniki mtoto wa binti asiye na ndoa? Kitanda chake tunakikagua, na mtoto tunampa jina baya kabla hajaliona jua. Neno “mwanaharamu” limeua kuliko vidonge. Kosa, kama ni kosa, ni la wawili waliolala pamoja. Huyu wa tatu amefanya nini? Sitoi fatwa, si kazi yangu. Najua wanachuoni wamejadiliana juu ya zile siku mia na ishirini za mwanzo, na najua kwamba baada ya roho kupulizwa wamekataza, isipokuwa kumwokoa mama. Lakini katika Al-Israa, aya ya 31, tumekatazwa kuwaua watoto kwa kuogopa ufukara, na tumeambiwa Mungu ndiye anayewaruzuku wao na sisi. Kama njaa haikubaliwi kuwa sababu, umbea wa mtaani utakubaliwaje?

Na ninyi majirani zetu wa Misheni, mna ushahidi hapohapo penye minazi yenu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika 1868 walianzisha kijiji cha waliokombolewa utumwani, na wengi wao walikuwa watoto. Watoto wasiojulikana baba wala ukoo, walionunuliwa sokoni Unguja kama mbuzi. Hakuna aliyeuliza wamezaliwa kwenye kitanda gani. Wako watu katika mji huu wametokana na watoto wale, na leo wana heshima zao.

Jambo moja la kazi, kabla sijasahau. Ikiwa yametokea, ikiwa binti yako anatokwa damu, hata kama unajua sababu, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Usingoje giza liingie. Kumhudumia aliyeharibikiwa na mimba si kosa, na huduma ipo. Nimewafunika shuka wasichana wawili waliocheleweshwa kwa saa sita ili majirani walale kwanza.

Nitamalizia na nyumba moja.

Mwaka 2022 alinijia mama, magharibi imeshaingia, ananong'ona. Anataka dawa ya kurudisha siku za binti yake. Kidato cha tatu. Nikamwambia dawa hiyo sina, ila nina swali: kwenu upande wa kukeni mkubwa nani? Akasema kaka yake, mvuvi. Asubuhi tukamfuata pwani. Tulimkuta ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu. Dada yake akamweleza huku analia. Hakuinua uso. Alimaliza fundo lake, akakata uzi kwa meno, akauliza, “Ana miezi mingapi?” Mitatu. “Leo amekula?”

Tukatazamana. Hakuna aliyejua.

Akainuka, akaenda kwa wakaangaji, akanunua changu na mihogo, akafungiwa kwenye gazeti. Kisha akaubeba ule mfuko mwenyewe, katikati ya mtaa, saa nne ya asubuhi watu wote wanaona, akaingia nyumbani kwa dada yake, akamwita binti atoke ndani. Wakala pamoja barazani. Wapita njia wakawasalimu. Baba wa binti, shemeji yake, hakusema neno siku ile, wala wiki ile.

Mtoto alizaliwa usiku, wa kike, kilo mbili na gramu mia tisa, analia kwa nguvu. Kitovu nilikikata mimi. Aliyemwadhinia sikioni ni mjomba, na mbuzi wa akika alimnunua yeye siku ya saba. Binti alirudi darasani mwaka uliofuata, mtoto anabaki na bibi, yule yule aliyekuja kwangu kutafuta dawa.

Asubuhi ile ya kuzaliwa, baba wa binti alikuja hadi mlangoni, akasimama nje kwa muda mrefu, kofia mkononi. Sikumkaribisha, nilimwacha. Mwisho akavua viatu, akaingia, akaomba ampakate.