Soma Ribiti Kwanza, Nembo Baadaye: Boti za Alumini za Zamani za Marekani

Haya tuanze, mliosimama nyuma kuna viti huku mbele, njooni tu.

Leo naongelea boti ambazo watu wengi hawazihesabu kabisa kwenye vitu vya thamani. Ukitaja boti ya zamani mtu anawaza mbao, vanishi inang'aa, shaba shaba pembeni. Alumini wanaiona bati tu, kitu cha kutupwa nyuma ya nyumba kijae majani na maji ya mvua. Mimi nabisha. Zile boti ndogo za kuvulia zilizotengenezwa Marekani kuanzia 1945 mpaka kama miaka ya sabini hivi ni ufundi wa ndege ulioshushwa majini, na ukijua kuzisoma, hata nembo ikiwa imeshang'oka na karatasi zimepotea, bodi yenyewe itakwambia ni ya lini na ilijengwa na mtu wa aina gani.

Kwa nini nasema ndege. Wakati wa Vita ya Pili Marekani iliongeza sana uzalishaji wa alumini kwa ajili ya ndege za kivita, vita ikaisha, sasa viwanda vipo, mafundi wa ribiti, zile pini za kubana bati na bati, wapo, alumini ipo, ila oda za ndege zimekatika. Kampuni ya Grumman, hawa wa Bethpage, Long Island, jimbo la New York, waliounda ndege za kivita za Wildcat na Hellcat, walikuwa na bosi mmoja anaitwa William Hoffman. 1944 akaenda kutembea milima ya Adirondack na mtumbwi wa mbao na turubai, mzito, akachoka kuubeba, akarudi kazini akauliza kwani hatuwezi kutengeneza huu kwa alumini? 1945 mitumbwi ikaanza kutoka, na 1952 kazi ikahamia mji wa Marathon, jimbo hilo hilo la New York. Najua, mtumbwi sio boti ya uvuvi ya injini, ila angalia jinsi ulivyotengenezwa, kwa sababu hapo ndo somo lenyewe lilipo: karatasi ya alumini inavutwa juu ya kalibu mpaka inachukua umbo, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, halafu zinaunganishwa katikati kwenye mkuku, yaani uti wa mgongo wa boti chini, kwa ribiti zilizolazwa, yaani kichwa kimezama kiko sawa na bodi kama kwenye bawa la ndege. Pitisha kiganja, hukwaruzwi.

Na hawakuwa peke yao. Alumacraft ilianza 1946 Minneapolis, ndani ya kampuni iliyokuwa ikitengeneza vyuma vya urembo wa majengo. Crestliner mwaka huo huo, Little Falls, zote mbili jimbo la Minnesota. Lund 1948, New York Mills, ambayo licha ya jina ni mji mdogo wa Minnesota, usiende kuutafuta pembeni ya Manhattan. Mnaona mwenyewe, Minnesota, Minnesota, Minnesota, jimbo ambalo hata pleti za magari zinajisifia maziwa 10,000, unategemea nini. Starcraft wao walikuwa Indiana, walianzia kwenye vifaa vya chuma vya wakulima. Feather Craft Atlanta, Lone Star Texas, Arkansas Traveler Little Rock. Huko kusini utakuta zaidi boti za chini bapa, zile za mtoni kwenye maji mafupi, na kaskazini kwenye maziwa yenye mawimbi utakuta gubeti, pua ya boti, limechongoka chini linakata maji halafu bodi inalala bapa kuelekea tezi, yaani nyuma. Kwa hiyo kabla hujasoma chochote, umbo la chini peke yake limeshakupa mwelekeo wa maji iliyojengewa.

Sasa kwenye kutambua. Watu wanakimbilia nembo, na nembo inadanganya sana. Sears na Montgomery Ward, maduka makubwa ya Marekani, walikuwa wanauza boti kwa katalogi, Sears kwa jina la Elgin, Ward kwa jina la Sea King, na boti hizo walitengenezewa na viwanda vingine. Unaweza kuwa na boti mbili zenye maandishi tofauti ubavuni, ukigeuza chini ukakuta mkuku ule ule, mataruma (mbavu za boti) yale yale, nafasi ya ribiti ile ile. Zimetoka kalibu moja, nembo ni rangi tu. Ndo maana nasema soma ribiti. Angalia zimepangwa kwa karibu au mbali, vichwa ni vya duara au vimelazwa, mstari umenyooka au umeyumba. Angalia vipande vya kusubu vya pembeni kwenye tezi, vile vishikio, kila kiwanda kilikuwa na umbo lake na ni kazi ngumu kuvibadilisha, kwa hiyo mara nyingi ni vya asili hata kama kila kitu kingine kimeguswa.

Tarehe je? Hapa kuna mpaka mmoja mkubwa, 1 Novemba 1972. Kuanzia siku hiyo sheria ya Marekani ilitaka kila boti mpya iwe na namba ya bodi yenye herufi na tarakimu 12, imewekwa nyuma upande wa kulia, tatu za mwanzo ni msimbo wa mtengenezaji na za mwisho zinabeba tarehe. Ukiikuta, kazi imeisha, umepata kiwanda na mwaka. Usipoikuta na huoni dalili kwamba imesagwa, una boti ya kabla ya hapo, na hapo ndo raha inaanza.

Ukikuta mabaki ya namba za usajili ubavuni mbele, zile zinazoanza na herufi mbili za jimbo, zinatokana na sheria ya 1958, ila zinakwambia boti iliishi wapi, sio ilizaliwa lini, maana boti ya 1949 nayo ilipakwa namba baadaye. Mapezi yale ya nyuma kama ya magari ya Marekani ya enzi hizo, kioo cha mbele, usukani, hayo ni mwisho wa hamsini kuingia sitini. Usukani ukiwa unavuta kwa kamba ya waya inayopita kwenye kapi pembeni, ni mfumo wa zamani, ule wa kebo moja ya kusukuma na kuvuta ulikuja kuutoa. Na pima kimo cha ukuta wa nyuma pale injini inapofungwa: inchi 15 ilikuwa kawaida kwa injini fupi za enzi hizo, inchi 20 inakupeleka kwenye injini kubwa zaidi. Viti vya ubao mtupu huwa vinatangulia viti vya alumini vilivyojazwa povu la kuelea, ingawa hapa uwe makini, mtu yeyote mwenye msumeno anaweza kukutengenezea kiti cha ubao.

Tuje kwenye hali ya boti maana hapo ndo pesa zinapotea. Alumini hewani inajitengenezea ngozi nyembamba ya oksaidi, ile rangi ya kijivu mnayoichukia, na ngozi hiyo ndo inayoilinda. Kwa hiyo huyu anayenunua boti leo, kesho anaisugua mpaka inakuwa kioo, kwa kweli simwelewi, mng'ao wenyewe haukai na alama zote za kiwanda ameshazifuta. Mibonyeo ya kawaida iache. Kinachonitisha mimi ni vishimo vidogo vidogo, unga mweupe umejikusanya kwenye ngama chini ya sakafu, hasa kama boti imewahi kuishi kwenye chumvi, au kama kuna bolti ya shaba imefungwa moja kwa moja kwenye alumini, hapo alumini inaliwa taratibu mpaka tundu linatokea.

Kuvuja ribiti sio kifo. Weka boti kwenye trela, imeshikiliwa vizuri chini, mimina maji ndani kidogo tu, inchi chache, usijaze, maji ni mazito na bodi haikuundwa kubeba uzito huo ikiwa nje ya maji. Halafu lala chini uangalie linapodondoka tone, weka alama. Ribiti iliyolegea inagongwa upya, watu wawili, mmoja anashika kipande kizito cha chuma upande mmoja mwenzake anapiga upande wa pili, mnasikia mlio unabadilika ikishakaza. Iliyokufa inatolewa inawekwa nzima nyingine, nzima nasema, sio popu ribiti ya dukani yenye tundu katikati. Na tafadhali msipake silikoni! Mtu akishapaka silikoni kwenye mshono hakuna rangi wala gundi itakayoshika hapo tena, na wewe unayefuata ndo utakaa wiki unakwangua.

Kitu cha mwisho ambacho karibu kila boti ya umri huu inacho ni ubao uliooza ndani ya ukuta wa nyuma. Shika injini, itikise juu chini, ukuta ukicheza, ubao umekwisha. Kubadilisha sio ngumu, ila wengi wanaenda kuchukua mbao zilizotiwa dawa wakidhani ndo zitadumu, na dawa za siku hizi nyingi zina kopa, yaani shaba nyekundu, na kopa ikilowa ikagusana na alumini inaila. Chukua plaiwudi ya kawaida yenye gundi isiyoogopa maji, ipake epoksi pande zote mpaka ndani ya matundu ya bolti, uiache ikauke vizuri ndo ufunge. Rangi za kuzuia viumbe vya majini zenye kopa nazo hivyo hivyo, zisikaribie kabisa. Haya, naona mkono pale, uliza.